Kazi, mwili na nyumba: ninavyopanga mwezi wangu nikiwa na usonji (autism)

Anza na kalenda ya kazi. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, na mwezi wangu una tarehe mbili nzito: tarehe 7, mwisho wa kuwasilisha kodi ya mishahara, na tarehe 20, mwisho wa ritani, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Siku zinazozikaribia siweki miadi ya hospitali, siendi kikao cha harusi, sipokei wageni wa kulala. Dada yangu akitaka kuja na watoto huuliza kwanza, "Umeshamaliza ritani?" Wewe nawe zitafute tarehe zako. Kwa mwalimu zitakuwa wiki za mitihani.

Safari ihesabu kuwa sehemu ya kazi. Honi, joto na kubanana humaliza nguvu kabla hujawasha kompyuta. Nimepanga nyumba Kimara kwa sababu kuna mabasi ya mwendokasi yanayoanzia huko, na nikiwahi alfajiri napata kiti cha dirishani. Angalau upande mmoja hakuna wa kunigusa. Vizibo vya masikio havikai mbali na mkoba wangu.

Kazini, omba kitu ambacho bosi anaweza kukitekeleza leo. Nilisema, "Bosi, naomba maagizo nitumiwe kwa maandishi, hata WhatsApp, na meza yangu isogezwe mbali na kaunta." Alikubali. Habari ya usonji nilimwambia baadaye, nilipokwisha kumwamini, na sioni kwamba mtu analazimika kuanza nayo. Mapumziko ya mchana usiyatoe sadaka: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo angalau dakika 60. Mimi hula peke yangu kwenye chumba cha mafaili, taa imezimwa. Ijumaa nakwenda na wenzangu kwa mama ntilie, kwa sababu nawapenda na nataka walijue hilo.

Afya ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, maana wengi wetu wenye usonji mwili huchelewa kutupa taarifa. Kwangu njaa hujitokeza kama hasira, kiu kama kichwa kuuma, na mkojo siusikii mpaka umebana. Basi simu hulia: maji, chakula, choo. Nikisikia mlio natii, hata kama hesabu inakaribia kulingana. Jumapili nachemsha maharage ya wiki na kuyagandisha kwenye vikopo, ili jioni ya kuchoka nisianze kuchagua. Kula chakula kilekile kila siku si vibaya. Nikiongeza mchicha na tunda, inatosha.

Hospitali usitegemee ulimi. Daktari akiuliza ghafla "unaumwaje?" mimi hujibu "sijambo" kwa mazoea ya salamu. Kwa hiyo naandika nyumbani: panauma wapi, tangu lini, nini kinazidisha, dawa ninazotumia. Namkabidhi karatasi na kusema, "Shikamoo daktari. Nina usonji, naomba unieleze kabla ya kunigusa." Karibu wote hupunguza mwendo.

Halafu misiba na harusi. Kwetu huwezi kukaa nje ya hayo, wala mimi sitaki. Kinachonichosha ni kukaa katikati ya watu bila kujua nifanye nini, basi naomba kazi. Kwenye msiba mimi ndiye wa daftari la rambirambi: nina meza, kalamu, na kila anayenijia ana jambo moja la kusema. Mama zangu wadogo sasa huniita kabla sijajitolea. Sare ya harusi naichukua mapema na kuloweka kitenge, nikirudia mpaka wanga uishe, kwa sababu kitambaa kigumu shingoni hunitoa kwenye sherehe nzima.

Zijue dalili zako za kuzidiwa. Zangu ni tatu: maneno yanakwama, lebo ya blauzi inachoma, sauti ya feni inaniliza. Zikija pamoja nakata kwa mpangilio huu: wageni kwanza, kisha usafi wa nyumba, kisha mapishi. Usingizi na dawa sivipunguzi. Dalili zikiendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya kupumzika, nenda kliniki ya afya ya akili; hospitali ya Muhimbili wana idara hiyo. Nenda na ndugu anayejua unavyoongea siku nzuri, amweleze daktari tofauti.