Jinsi ya Kuepuka Kukataliwa kwa Ombi la Alama ya Biashara

Kabla ya kuwasilisha ombi lako kwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara, jijini Nairobi, lipime jina kwa macho ya mkaguzi anayeongozwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506.

Kikwazo kinachostahili kufikiriwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jina linaloieleza bidhaa yenyewe. Mfanyabiashara wa Gikomba akiomba kusajili "Viatu Imara" kwa viatu, atapingwa, kwa kuwa kila fundi ana haki ya kuisifu kazi yake kwa maneno hayo. "Kipepeo", neno lisilohusiana na viatu, lina nguvu zaidi, na jina la kubuni kabisa lina nguvu kuliko yote.

Kisha kuna kufanana na alama iliyotangulia. Omba upekuzi wa daftari la alama zilizosajiliwa mapema, katika kundi sahihi kati ya makundi 45 ya mfumo wa Nice, mpangilio wa kimataifa wa bidhaa na huduma, ukikumbuka kwamba mkaguzi hulinganisha sura, sauti na maana, hivyo kubadilisha herufi moja hakutakuokoa. Alama zinazopotosha kuhusu asili ya bidhaa, au zinazokiuka maadili, nazo hukataliwa.

Ukipata barua ya kukataliwa, jibu sababu zake kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa: toa ushahidi wa matumizi ya muda mrefu, au kubali kutodai haki ya pekee juu ya neno la kawaida lililomo. Ombi likikubaliwa hutangazwa jaridani, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha.