Somo: Jinsi ya kujenga tabia mpya bila kuishia siku ya nne

Habari zenu wakuu. Kuna kipindi nilijiandikia ratiba ya kufa mtu, kuamka saa kumi na moja alfajiri, mazoezi, kusoma kurasa thelathini, kujifunza lugha, nikaipaka na rangi kabisa nikabandika ukutani. Siku ya nne nikawa nikipita pale naangalia pembeni kama vile nimekutana na mtu anayenidai. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimejifunza kwa kufeli.

Hatua ya 1. Chagua kitu KIMOJA, afu kipunguze mpaka uone aibu kumwambia mtu. Mimi nilianza na kurasa mbili za kitabu kwa siku. Kazi ngumu iko kwenye kuanza, ukishafungua kitabu mara nyingi unajikuta umepitiliza, na usipopitiliza poa tu, mbili zimetosha.

Hatua ya 2. Kifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, usikifunge kwenye saa. Hapa ndo wengi tunapigwa. Ukisema "saa tatu usiku nitasoma", ikifika saa tatu uko kwenye simu, ikifika tatu na nusu unasema basi kesho. Sema "nikimaliza kupiga mswaki nasoma". Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna hii ya "likitokea hili, nafanya lile", na inamshikilia mtu kuliko nia peke yake. Halafu mazingira yakusaidie: kitabu changu kinakaa juu ya mto, kalamu katikati ya kurasa, siwezi kulala bila kukishika. Simu naichaji upande wa pili wa chumba na waya niliuchagua mfupi makusudi, nikiitaka lazima nisimame kwenye baridi ya sakafu, na uvivu wangu kwa mara ya kwanza ukanifaa.

Hatua ya 3. Ukikosa siku usilipe deni. Umekosa kurasa mbili jana, leo soma mbili, sio nne! Ukianza kulipa, deni linakua na utaanza kulikimbia. Ile habari kwamba tabia mpya inajengeka kwa siku 21 nayo isahau, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96, makadirio yao ya muda wa tabia kuzoeleka yakaanzia siku 18 mpaka 254, katikati 66, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Hatua ya 4. Weka alama kwenye kalenda ya karatasi. Basi.

MASWALI

Swali: Mkuu sisi wa shifti je? Leo naingia usiku, kesho asubuhi.
Jibu: Ndo maana nikasema achana na saa. Kuvua viatu ukirudi kupo kila siku, hata urudi saa ngapi. Anzia hapo.

Swali: Nina mtoto mchanga, hizo kurasa mbili zenyewe ni ndoto.
Jibu: Dada yangu, aya moja. Na akiwa anaumwa acha kabisa, utarudi.

Swali: Kazi kubwa ninayoiahirisha wiki nzima nifanyeje, ripoti kwa mfano?
Jibu: Tumia dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Mwitaliano Francesco Cirillo alianza hivyo miaka ya 1980 na kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya, ndo maana ikaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Mimi 25 zilinishinda nikaanza na 10, simu ikiwa chumba kingine. Na usiseme "naandika ripoti", sema "naandika sentensi ya kwanza ya sehemu ya pili".

Swali: Na yale mazoezi ya kwenye ratiba ulifikia wapi?
Jibu: Hahaha nilijua mtauliza. Yamenishinda mara mbili. Sasa hivi nimeyapunguza mpaka kuvaa raba na kutoka nje ya mlango tu, juzi nilivaa, nikafunga kamba, nikakaa kitandani, nikavua. Nikifika mlangoni nitaleta mrejesho.