Bekapu inayojiendesha, na siku intaneti inapozimwa

Ninyi mnaotunza seva za ofisi hapa Kampala huku bekapu zikienda kwenye wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, jambo moja. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala zake zote ng'ambo hakuwa na njia ya kuzifikia. Kwa hiyo nakala moja ibaki hapa hapa, kwenye diski iliyo nje ya seva yenyewe, na nyingine iende winguni.

Kazi hiyo usimwachie mtu akumbuke. Mimi natumia restic, programu ya bekapu, ikiamshwa saa nane usiku na cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa: kwanza diski ya hapa, kisha wingu. Restic husimba data, yaani huifunga kwa nenosiri, kabla haijaondoka, na hupeleka vipande vilivyobadilika tu, jambo linalookoa bando. Hifadhidata usiinakili faili zake ikiwa inafanya kazi. Itoe kwanza iwe faili moja, kwa pg_dump (ya PostgreSQL) au mysqldump (ya MySQL), kisha faili hiyo ndiyo uinakili.

Sasa penye uzito: kurejesha. Kila mwezi skripti (programu fupi unayoiandika mwenyewe) irejeshe hifadhidata kwenye mashine tupu, ihesabu rekodi za jedwali moja, kisha ikutumie ujumbe hata kama mambo ni shwari. Ukimya ndio wa kuogopa, maana cron iliyokufa hailalamiki.

Na nenosiri la restic liandike kwenye karatasi (ndiyo, karatasi), likae nje ya ofisi. Likipotea, hakuna wa kukufungulia, hata waliotengeneza restic.