Namna ya Kujitegemea kama Msanifu wa Programu za Picha na Michoro

Mteja hamwiti msanifu wa kujitegemea ili amwandikie msimbo mwingi, kwani waandishi wa msimbo anao tayari. Humwita kwa sababu ya maamuzi machache ambayo, yakikosewa mwanzoni, hayarekebishiki bila kubomoa nusu ya mfumo. Katika programu za picha na michoro maamuzi hayo huhusu zaidi namna picha itakavyokaa kwenye kumbukumbu, maana ya namba za rangi, na kazi itakayoachiwa kichakataji cha michoro (GPU). Ukitaka kuishi kwa kazi hii, jizoeze kuyatolea hesabu mbele ya mteja kabla hata ya kutaja malipo yako.

Anza na kumbukumbu. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 huweza kuhifadhiwa katika faili la JPEG la megabaiti chache, na mteja hudhani huo ndio uzito wake. Lakini ikishafunguliwa kwa chaneli nne (nyekundu, kijani, bluu na uwazi) za biti 8 huchukua megabaiti 96, na ikigeuzwa kuwa namba za desimali za biti 32 hufika megabaiti 384. Programu yenye hatua tano za uchakataji, kila hatua ikijitengenezea nakala yake, humaliza karibu gigabaiti 2 kwa picha moja tu. Dawa ya kawaida ni kuigawa picha katika vigae, tuseme vya pikseli 256 kwa 256, na kuvichakata kimoja kimoja. Ila kichujio cha kutia ukungu huhitaji pikseli za vigae jirani, hivyo ukingo wa ziada upangwe tangu mwanzo, la sivyo maungio yataonekana kwenye picha iliyokamilika. Wala usikimbilie kichakataji cha michoro kabla ya kupima muda wa kupeleka data huko na kuirudisha, maana kwa kazi nyepesi safari hiyo huweza kuzidi kazi yenyewe.

Rangi ndiyo inayowaumbua wengi. Katika sRGB, mfumo wa kawaida wa kuandika rangi kwa namba, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, namba za pikseli haziendi sambamba na kiasi cha mwanga. Tengeneza picha yenye pikseli nyeusi na nyeupe zinazopishana moja moja, kisha mwambie mteja aipunguze iwe nusu kwa programu yake. Ikitoka kijivu cha 128, katika kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), programu inachukua wastani wa namba tupu. Nusu halisi ya mwanga huandikwa karibu 188. Jaribio hili ni la dakika chache, na kwa maoni yangu linamwuza msanifu kuliko wasifu wa kurasa kumi.

Chagua tawi moja. Anayeshughulikia picha za hospitali hana budi kuufahamu mfumo wa DICOM, yaani kiwango cha kuhifadhi na kubadilishana picha za kitabibu, na kujua kuwa picha ya biti 12 ina ngazi 4096 za kijivu, ambazo ukizishusha kuwa 256 mapema unamnyima daktari asichoweza kukirudisha. Wa uchapishaji ana wino na wasifu wa rangi, yaani maelezo ya jinsi kifaa kinavyotoa rangi. Wa michezo ya kompyuta anabanwa na muda, kwani fremu 60 kwa sekunde humwachia milisekunde 16 na ushei kwa kila fremu.

Kazi ya kwanza na mteja mpya iwe tathmini ya muda mfupi yenye malipo yake, inayoishia kwenye waraka unaoeleza uamuzi unaopendekezwa, njia mbadala zilizokataliwa na vipimo vilivyofanyika. Usikubali kutaja gharama ya mradi mzima kabla ya tathmini hiyo. Mkataba utenganishe maktaba za msimbo ulizokuja nazo, ambazo utampa mteja leseni ya kuzitumia, na msimbo ulioandikwa kwa ajili yake, ambao utakuwa mali yake baada ya kulipa.

Leseni za wengine nazo zikaguliwe mapema. FFmpeg, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuchakata video na sauti, kwa kawaida hutolewa chini ya LGPL, leseni huria yenye masharti nafuu, lakini ukiwasha baadhi ya sehemu zake huangukia GPL, yenye masharti makali zaidi, na hilo huweza kumlazimu mteja kufungua msimbo alioukusudia uwe siri. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ni jambo jingine: mgogoro juu ya hataza ya mbinu ya ubanaji inayotumika katika GIF ndio uliochochea kuundwa kwa PNG.

Mwisho, faili lolote linalotoka kwa mtu usiyemjua lisomwe katika mchakato uliotengwa, na vipimo vyake (upana na urefu wa picha) vikaguliwe kabla ya kutenga kumbukumbu. Mwaka 2023 kasoro katika libwebp, maktaba ya kusoma picha za WebP, ililazimisha vivinjari vikubwa kutoa marekebisho ya haraka, kwa sababu picha iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuharibu kumbukumbu ya programu. Gharama ya kusasisha maktaba kama hizo iandikwe kwenye mkataba wa matengenezo, pamoja na jina la atakayeilipa.