Kupima gome la mti dhidi ya kifua kikuu: tanini isikudanganye

Miti mingi ya nyika ya Dodoma imejaa tanini (kemikali chungu za mimea zinazonata kwenye protini), na tanini huharibu majaribio mengi ya awali. Hapa tunatumia gome la mzizi wa mjafari (Zanthoxylum chalybeum).

1. Chukua gome kwenye mizizi ya pembeni tu, kisha fukia shimo. Tawi lenye majani na maua au matunda libane kwenye magazeti kwa ajili ya herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa). Anika gome kivulini, saga.

2. Loweka gramu 100 za unga katika mililita 500 za methanoli kwa saa 48, ukitikisatikisa. Chuja, vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Yeyusha miligramu 50 za mchujo mkavu katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi cha maabara).

3. Otesha Mycobacterium smegmatis, ndugu mpole wa bakteria wa kifua kikuu anayekua haraka, kwenye mchuzi wa Middlebrook 7H9 (chakula cha kuoteshea bakteria hawa) wenye Tween 80 (kitu kama sabuni) asilimia 0.05. Bila Tween bakteria hushikana mabonge, na vishimo havipati idadi sawa.

4. Punguza mchujo ulioyeyushwa kwenye DMSO mara 50 kwa mchuzi. Kwenye pleti ya vishimo 96, weka mikrolita 200 za mchujo huo safu (ya wima) ya 2 na mikrolita 100 za mchuzi mtupu safu ya 3 hadi 9. Hamisha mikrolita 100 safu kwa safu; za mwisho mwaga. Ongeza mikrolita 100 za bakteria: safu ya 2 inakuwa na mikrogramu 500 kwa mililita, DMSO asilimia 1. Vishimo vya pembezoni jaza maji safi, vinakauka upesi.

Mstari (wa mlalo) unaofuata rudia yote, ukiweka mchuzi mtupu badala ya bakteria. Usiuruke! Resazurini, rangi ya bluu utakayoweka hatua ya 5, hugeuka waridi kwa bakteria hai, lakini polifenoli (kundi la kemikali za mimea, tanini zikiwemo) nazo huweza kuigeuza. Mstari huo ukiwa waridi, rangi haina maana tena. Dondosha sampuli kwenye agari uangalie kinachoota.

Dawa ya kulinganisha iwe siprofloksasini. Isoniazidi na rifampisini, ingawa ni dawa za kifua kikuu, huonekana dhaifu kwa smegmatis. Weka pia vishimo vya bakteria na DMSO asilimia 1 pekee.

5. Baada ya saa 48 kwenye nyuzi 37, weka mikrolita 30 za resazurini asilimia 0.02. Soma pleti yote pale vishimo vya bakteria na DMSO pekee vikishageuka waridi.

6. Kishimo kikibaki bluu, usishangilie: tanini hunata kwenye protini na kuzuia karibu kila kitu. Pitisha mchujo kwenye polyamidi, unga unaonasa tanini, kisha pima tena. Nguvu ikipotea, achana nao.

7. Mchujo uliobaki na nguvu upime kwanza kwa seli za Vero (seli za figo ya nyani), maana mjafari una kelerithrini, kemikali ambayo huua seli pia. Kipimo kwa H37Rv, aina ya bakteria wa kifua kikuu wenyewe, kifanyike kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 3 tu.