SOMO: Namna ya kumlea mkandaji anayechipukia

Habari za kazi, ndugu zangu. Somo hili ni la wakandaji na wachua misuli waliokaa kazini miaka kadhaa, ambao sasa vijana wanawafuata: "Dada, nishike mkono." Vijana wengi wa Dar, Arusha na Zanzibar wamepita kozi fupi na mbinu wanazo za kutosha. Wanachokosa ni mtu wa kuwatazama wakifanya kazi na kuwaambia ukweli.

Hatua ya 1: Kubalianeni kwanza

Mtakutana lini, kwa muda gani, nani anamlipa nani. Napendekeza miezi sita, kila baada ya wiki mbili, na yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari. Kama wewe ndiye bosi wake, mtafutie mlezi mwingine. Hakuna anayemwambia mlipa mshahara wake kwamba jana mteja alimshinda.

Hatua ya 2: Lala kitandani, akukande

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo walezi wengi wanaparuka. Cheti hakisemi mkono wa mtu ukoje. Lala saa nzima kama mteja aliyelipa, usimwelekeze katikati. Mafuta ya nazi aliyapasha viganjani au yalikudondokea ya baridi? Alipohama kutoka begani kwenda kiunoni, mkono mmoja ulibaki mwilini, au yote iliondoka ukabaki unajiuliza yuko wapi? Shuka alilikunja kwa adabu au ulijikuta wazi kuliko ulivyotaka?

Kosa utakaloliona sana ni kukandamiza kwa nguvu za mikono. Mabega yanampanda hadi masikioni, pumzi ameibana, dole gumba linapinda kinyumenyume kwenye kiungo. Akiendelea hivyo, vidole vitamtoa kazini mapema.

Anza kwa kushusha kitanda. Akisimama wima na mikono ikining'inia, ngumi iguse juu ya kitanda. Kwa kazi ya kukandamiza sana, kishuke zaidi kidogo. Kisha tafuta mzani wa mshale, ule wa kusimama kupima uzito, uuweke juu ya kitanda. Mwambie abonyeze hadi kilo 10 kwa nguvu za mikono tu, na asibanduke. Mshale utacheza kushoto na kulia. Sasa mguu mmoja urudi nyuma, kiwiko kinyooke, aegemee kwa uzito wa mwili. Mshale unatulia kwenye 10, naye anaweza kupiga soga huku ameegemea. Maelezo ya mdomo hayafiki hapo hata uongee mchana kutwa.

Hatua ya 3: Mtazame akiwa na mteja wake

Mteja aridhie kwanza. Kaa pembeni, nyamaza. Mteja akishaondoka, mwanafunzi ndiye aanze kusema palipomwendea vizuri na alipobabaika. Wewe taja mambo mawili, basi. Ukitaja kumi ataondoka na aibu tu.

Hatua ya 4: Mfundishe kukataa

Mgeni ameshuka kwenye ndege baada ya safari ndefu. Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto, kinauma, na anaomba akandwe "kidogo tu". Hapo hakandwi mtu. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na donge likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwanafunzi ajue pia kuacha mwenye homa, mahali palipovunjika na ngozi yenye maambukizi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikandamizwe kwa nguvu. Mbele ya shingo hapachezewi. Mjamzito wa miezi ya mwisho alale ubavu, hasa wa kushoto.

Kukataa kwa pili sote tunakujua ila tunaona haya kukutaja: mteja anayeomba "huduma ya ziada". Fanya naye mazoezi kwa sauti, wewe ukiwa ndiye mteja msumbufu, hadi maneno yamtoke bila kutetemeka: "Kaka, hapa huduma hiyo hatuna. Ukirudia tunaishia hapo." Akirudia, binti anatoka chumbani na mlango anauacha wazi. Msimamizi aukubali utaratibu huu mapema, la sivyo binti ndiye atakayelaumiwa kwamba amefukuza wateja.

Hatua ya 5: Daftari la wateja

Mteja alilalamikia nini kwa maneno yake, alifanyiwa nini, aliondoka akisemaje, na aliporudi alisemaje. Hilo la mwisho vijana hawaliandiki, na ndilo linaloonyesha kama mkono unasaidia au unastarehesha tu. Mkilipitia pamoja, majina yafichwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na maumivu ya mtu si habari za kijiweni.

Hatua ya 6: Karatasi

Aliyejifunzia kazini aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania; wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aulize kama fani yake imo. Anayetaka kutibu majeruhi akasomee fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, kwa mfano hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, sheria ya 2014 inawataka wanafiziotherapia wasajiliwe na baraza lao. Kozi ya wiki tatu haimpi mtu jina hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mimi mwanaume, ninayemlea ni binti. Hiyo hatua ya pili naifanyaje?

Jibu: Mwombe mkandaji wa kike mwenye uzoefu alale yeye, akupe ripoti mbele ya binti mwenyewe. Ukitaka kuuhisi mkono wake, akukande bega na shingo ukiwa umekaa kitini na nguo zako, mlango wazi.

Swali: Nikimfundisha si atanichukulia wateja?

Jibu: Baadhi atawachukua, tusidanganyane. Andikeni tangu hatua ya kwanza kwamba mteja aliyetoka kwako ni wako hadi miezi sita iishe. Baada ya hapo mteja ana miguu yake.

Swali: Mie nafundisha yoga Paje, sikandi mtu. Somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu sana. Badala ya kulala kitandani, ingia darasani kwake ukae safu ya nyuma, ufuate maelekezo yake kwa masikio tu bila kumtazama. Ukipotea, maelezo yake yana kasoro. Na kabla ya kumgusa mtu kumrekebisha mkao, aombe ruhusa kila mara, hata kwa mwanafunzi wa siku zote.

Swali: Ninayemlea dole gumba linamuuma kila jioni. Apumzike siku ngapi?

Jibu: Kupumzika bila kubadili namna anavyokanda hakutasaidia. Kazi nzito aihamishie kwenye kigasha na kiwiko, na asipokee wateja wa kukandamizwa sana mfululizo. Rudini kwenye mzani. Lakini kama usiku anaamka dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Aonwe na daktari au mwanafiziotherapia kabla hajaendelea na kazi.