Marigoldi za Diwali husiwa wakati wa kusi

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na siku hizo mashada ya marigoldi hutafutwa sana Mombasa, kwa mahekalu na kwa milango ya nyumba na maduka. Mteja Mgujarati akikuuliza galgota, ua ni hilo hilo. Mkulima anayeanza kusaka mbegu Oktoba ameshachelewa, maana marigoldi ndefu, ile yenye ua kubwa lililojaa, huchukua takriban siku 70 hadi 90 tangu kusiwa mpaka kuchanua. Shika tarehe ya Diwali ya mwaka huo, kisha rudi nyuma siku 90. Mara nyingi utajikuta mwisho wa Julai au Agosti.

Hiyo ni miezi ya kusi, na ndiyo inayotufaa. Mchana joto huwa kama nyuzi 27 au 28, ilhali mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, hupanda hadi 32 au 33. Wengi wamekata tamaa wakisema ua hili haliwezi joto letu. Mimi sikubali. Marigoldi asili yake ni Meksiko, na mmea uliokwisha kushika mizizi huvumilia jua kali. Kinachotushinda ni kitalu. Mbegu hutaka udongo wa nyuzi 21 hadi 27, na trei nyeusi ikiachwa juani hupata moto kuliko hata hewa inayoizunguka.

Basi kitalu kiwekwe chini ya makuti au wavu wa kivuli, trei ziinuliwe juu ya kichanja zisikae kwenye saruji. Changanya samadi iliyooza vizuri na unga wa makumbi ya nazi, lakini makumbi yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi mara mbili tatu kwanza, kwani huwa na chumvi. Laza mbegu kina cha nusu sentimita, funika kidogo, kisha tandaza gunia lenye unyevu juu. Kuanzia siku ya tatu funua ukague kila asubuhi; siku ya 4 hadi ya 7 utaona vichipukizi, na hapo hapo gunia liondoke. Mche uliofunikwa hata siku moja zaidi hurefuka kama uzi na kuanguka.

Kuanguka kwa miche pia huletwa na kinyausi: shina huoza pale linapogusana na udongo. Ugonjwa huu hupenda maji mengi na miche iliyobanana. Mwagilia asubuhi, kidogo, na punguza miche mapema bila kuionea huruma.

Kabla ya yote hayo, jaribu mbegu zako. Unyevunyevu wa Pwani huziua haraka zikikaa wazi. Funga 10 katika kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 6, tafuta nyingine.

Miche yenye majani halisi manne hadi sita ihamishwe jioni. Ile mirefu iache sentimita 30 hadi 45 kati ya mmoja na mwingine. Mifupi 20 hadi 25 inatosha. Wiki moja kabla, izoeshe jua kidogo kidogo. Mche ukifika kimo cha sentimita 15 au zaidi kidogo, kata ncha yake ili utoe matawi. Ua la kwanza litachelewa siku kadhaa, kwa hiyo ziingize siku hizo katika hesabu yako.

Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Ukiweza, vuna maji ya mvua au changanya na maji matamu. Na penye udongo wa matumbawe, majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma kinachokosekana. Mboji husaidia kuliko kuongeza mbolea ya chumvichumvi. Nitrojeni nyingi itakupa majani mazuri na maua machache.

Joto likiwa kavu, chunguza chini ya majani uone utando mwembamba wa utitiri mwekundu, uuoshe kwa maji asubuhi. Mvua za vuli zikianza, ondoa maua yaliyozeeka, maana hushika ukungu.

Aina fupi ina faida nyingine kwa wanaolima nyanya na mchicha: mizizi yake hupunguza minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyofanya mizizi iote mafundo. Lakini michache iliyopachikwa kati ya nyanya haisaidii sana. Jaza tuta zima kwa marigoldi msimu mmoja, kisha lipande nyanya.

Chuma maua asubuhi umande ukishakauka, yaliyofunguka kabisa. Ya mashada hukatwa bila kikonyo, yakawekwa kwenye kikapu kivulini, yasirundikwe kwa kina, kwani ya chini hupata joto na kuoza kabla hayajafika sokoni.